Nilivyowaachia Mafundi Wangu Maamuzi

Karakana yangu ya samani iko Keko, Dar es Salaam, na kwa miaka sita ya mwanzo hakuna ubao uliopita kwenye msumeno kabla sijaupima mwenyewe. Nilikuwa nikisimama nyuma ya fundi na futi mkononi, nikimwelekeza pa kukata, gundi ya kupaka na hata namna ya kushika msasa, ilhali watu hao walianza kazi hiyo wakati mimi bado ni karani wa ghala. Nikisafiri kwenda Mafinga kufuata mbao za paina, simu ilikuwa ikiita tangu Chalinze mpaka Iringa: bawaba zimekwisha, mteja anaomba apunguziwe, vanishi ipakwe ipi. Nilijibu yote huku nikimlalamikia dereva kwamba nina watu wasiojiongeza.

Kilichonizindua ni kabati la mninga la milango minne. Mteja alilihitaji Ijumaa, nami nikaagiza zitumike mbao zilizoingia wiki ileile. Haikupita miezi miwili, milango miwili ikapinda na mmoja ukapasuka katikati, nikalazimika kuitengeneza upya kwa gharama yangu. Nilipomwita fundi mkuu kumkaripia, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Bosi, siku ile niliona mbao ni mbichi, hata maranda yalikuwa yanatoka na unyevu. Lakini ulikuwa umeshasema."

Hilo "umeshasema" lilinikaa kichwani siku nyingi. Nilikuwa nikimlipa mtu kwa ujuzi wake, na papo hapo nimemzoeza kunyamaza.

Nilianza na fedha ndogo. Fundi mkuu na vijana wawili wanaoongoza meza nyingine walikabidhiwa shilingi 50,000 kila mmoja, kila Jumatatu, kwa ajili ya skrubu, bawaba, gundi na msasa, kwa sharti la kuandika matumizi kwenye daftari na kubandika risiti. Kisha tukakaa Jumapili nzima tukikokotoa pamoja bei ya chini ya kila bidhaa, tukijumlisha mbao, sponji, kitambaa, ufundi na usafiri, ili waweze kupatana na mteja bila kunipigia simu. Nakiri kwamba hili liliniuma kuliko zile fedha, kwa kuwa fundi anayejua gharama anaijua pia faida ya tajiri wake. Na kweli, wiki iliyofuata waliniomba niongeze malipo ya kochi moja moja. Nilipoirudia hesabu niliona wana haki, nikaongeza. Jambo la tatu, ambalo naliona kubwa kuliko yote, ni kwamba fundi akisema mbao hazijakauka hazikatwi, hata kama mimi nimekwisha kumwahidi mteja.

Haikwenda bila hasara. Kijana mmoja alinunua gundi hafifu na chenji akaitia mfukoni, na viti sita vya meza ya chakula vikarudi vikiwa vimelegea. Siku hiyo mkono uliniwasha kukusanya kila kitu na kurudi nyuma ya meza na futi yangu. Badala yake nilimnyang'anya yeye peke yake fedha ya manunuzi, wengine nikawaachia, kwani hawakuwa wamekosa.

Mambo mengine sikuyaachia. Mbao ngumu bado nanunua mwenyewe, kwa sababu mzigo ukikamatwa barabarani bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu unaweza kutaifishwa, na hasara ya namna hiyo si haki kumtwika mtu wa mshahara.

Safari yangu ya mwisho kwenda Mafinga, simu iliita mara moja tu, tukiwa tunaikaribia Mikumi. Alikuwa fundi mkuu, akinijulisha kwamba amemrudishia mteja kianzio chake, kwa sababu alitaka kitanda ndani ya siku nne na mbao zilizopo zilikuwa hazijakauka. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, kwa maana mteja huyo nilimtafuta mimi mwenyewe. Nikamuuliza tu kama ameandika kwenye daftari.

"Nimeandika, bosi," akasema, akakata simu kabla yangu.