Thumuni iliyogawanywa mara mbili

Wiki hii nimempata bibi ambaye ukoo wetu haukuwahi kumtaja.

Nilikuwa nawatafuta wazee wa upande wa mama, watu wa Malindi, kupitia karatasi za mashamba. Kwa pwani ya Kenya pa kuanzia ni sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908. Kila mwenye shamba ndani ya ukanda wa maili 10 kutoka baharini alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili wa serikali ya kikoloni, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Wengi walipoteza mashamba hivyo, na mpaka leo inaniuma. Babu yake mama alidai. Minazi yake imo, na mipaka imeandikwa kwa majina ya majirani: kaskazini shamba la fulani, mashariki bahari. Jirani mmoja kumbe ndiye mkwewe!

Lakini kilichonitoa machozi ni karatasi ya mirathi ya babu huyo, Kiarabu kitupu, akanisomea mwalimu wangu wa madrasa. Mume akifa ameacha watoto, mjane hupata thumuni, yaani 1/8. Wajane wakiwa wawili, wanagawana hiyo hiyo. Hapa imeandikwa 1/16, mara mbili. Mmoja ni bibi tunayemsomea dua kila mwaka. Wa pili hakuna aliyemjua.

Nilimpigia mama usiku ule ule. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Jina lake nani, mwanangu? Tumtie kwenye hitima."