Mabaki ya Carcass

Jioni hii kwenye matatu nimeusikiliza mkusanyo wa Wake Up and Smell the... Carcass mwanzo hadi mwisho. Konda ameniomba nauli mara mbili, sijamsikia.

Kwa msiowajua, Carcass ni bendi ya metali (muziki wa magitaa mazito na sauti za kukwaruza) ya Liverpool, Uingereza. Walivunjika katikati ya miaka ya 90, na 1996 ukatoka huu mkusanyo: nyimbo zilizoachwa nje ya albamu yao ya Swansong, rekodi za redio ya BBC, na vipande vya miaka ya nyuma.

(Najua, mara nyingi mikusanyo kama hii ni ya kukamua pesa za mashabiki. Huu nimeusamehe.)

Kilichonishika ni upigaji ngoma wa Ken Owen, mpiga ngoma wao.

Kwenye zile nyimbo zilizoachwa hana haraka. Anaburuta kidogo, kama mama anayetoka sokoni na mzigo kichwani bila kuushika. Kadiri unavyosogea mbele kwenye mkusanyo, ndivyo unavyorudi nyuma kimiaka, na mara Owen yule kijana wa fujo anakulipukia masikioni.

1999 damu ilivuja kwenye ubongo wake, akakaa miezi mingi bila fahamu. Carcass waliporudi jukwaani 2008, ngoma alizikalia mtu mwingine. Owen alipanda kwenye baadhi ya maonyesho kupiga kidogo tu.

Nimeurudia wimbo wa kwanza hadi nikapitiliza stegi.

Wapenzi wa metali mko wapi? Nipeni mkusanyo wa mabaki mnaoupenda kuliko hata albamu zenyewe.

Na ninyi mnaosema "hizo ni kelele", mama yangu ameshawawakilisha vizuri.