Siku moja chini ya mkungu: usukani ulionila tangu asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika. Gereji yangu ya pikipiki ni kivuli cha mti wa mkungu kando ya barabara ya vumbi huku Mbagala, pamoja na sanduku la spana na kipande cha turubai. Watu wa kwenye daladala wakiniona na nyundo mkononi wanadhani kazi yangu ni kugonga tu. Ndiyo maana naandika siku ya jana, ili anayepanda boda kila asubuhi ajue kinachomfikisha salama.

Mpaka saa tatu nilikuwa nimebadilisha oili tatu, nimeziba pancha na kukaza minyororo miwili. Hizo ni hela za chai.

Saa tatu na robo akaingia dogo mmoja na pikipiki aina ya Boxer, hata injini hajazima.

"Fundi, nilegezee usukani kidogo. Jana ulikuwa unagonga nikifunga breki, fundi mmoja akanikazia. Leo kwenye foleni haunyooki, unanivuta huku na huku. Fanya haraka, nina abiria."

Nikaiweka kwenye dabo stendi, kijana ninayemfundisha akakalia nyuma tairi la mbele likanyanyuka. Nikausukuma usukani kwa kidole kimoja. Usukani mzima ukiutoa katikati kidogo tu unaanguka wenyewe mpaka mwisho, kulia au kushoto. Huu ulikwama. Nikausukuma kwa nguvu, ukatoka. Nikaurudisha, ukadumbukia katikati kama umeingia kwenye shimo. Na nati ya kurekebishia, ile yenye mapengo iliyo chini ya nati kubwa ya juu, ilikuwa imetafunwa na tindo pande zote.

Nikamfanyia alichotaka. Nikailegeza nati kidogo, nikachuchumaa, nikashika shokapu zote mbili kule chini karibu na ekseli, nikavuta na kusukuma. Tok, tok. Ule mlio wa kugonga wa jana umerudi, na katikati bado unanasa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa hakuna cha kukaza wala kulegeza. Vikombe vinavyobeba gololi za usukani vimekufa."

Akampigia bosi wake. Bosi akaongea kwa sauti niliyoisikia bila hata simu kuwekwa spika: usukani unakufaje, pikipiki inatembea, huyo fundi anatafuta hela. Nimezoea, lakini huwa inaniuma. Oili unaiona ikimwagika nyeusi, tairi unaliona limeisha. Usukani umefichwa ndani ya shingo ya fremu, kwa hiyo anayeuongelea anaonekana tapeli.

Nikafungua, bila hata kuahidiwa malipo. Tairi, madigadi, shokapu, taa, waya, handeli. Nikatandika turubai, maana gololi ikiangukia kwenye mchanga wa Mbagala umeipoteza. Grisi ilitoka imechanganyika na maji, rangi ya matope. Nikakifuta kikombe cha chini kwa petroli, na alama zikaonekana: vishimo vimejipanga duara, kama gunzi lililopukuchuliwa. Kila shimo la barabarani limekuwa likizigongesha gololi palepale, na pikipiki muda mwingi inakwenda moja kwa moja, kwa hiyo zimejichimbia makazi katikati. Ukikaza sana ndivyo zinavyozidi kujichimbia. Dogo akapiga picha, akamtumia bosi. Baada ya nusu saa ikaingia shilingi 12,000 ya koni, yaani seti mpya ya vikombe na gololi zake, na neno la bosi: "Ufundi mtamalizana wenyewe."

Dogo akaenda dukani. Aliporudi, kikombe kipya nikakiingiza kwenye shingo ya fremu kwa kidole gumba, kikaingia. Kikombe halali hakiingii kwa mkono, lazima kigongwe. Alipewa cha pikipiki nyingine. Akaondoka tena, na muuzaji akagoma kubadilisha kwa sababu ya alama ya grisi. Wakabishana huko mpaka adhuhuri ikapita, mimi nina pikipiki iliyokatwa kichwa, na wateja wawili wameangalia turubai langu wakaendelea na safari zao. Jua likahamia upande wangu. Sikumbuki saa ngapi hasa dogo alirudi na koni zenyewe. Nakumbuka hatukusemeshana.

Kikombe kipya nakipigia kwa kuwekea kile cha zamani juu yake, taratibu, kwa kuzunguka. Sikio ndilo linalosema: kikishakaa, mlio unabadilika, unakuwa mzito. Grisi nyingi, gololi zote mpya, kwa sababu ukichanganya na za zamani chache ndizo zinabeba mzigo wote. Kisha nati: naikaza mpaka mchezo, yaani ule ulegevu, uishe, nazungusha usukani kulia na kushoto mara kadhaa gololi zijipange, nailegeza, naikaza tena kidogo kwa mkono wa hisia. Hapo ndipo mafundi wengi wanamaliza. Lakini nati kubwa ya juu ukiifunga, nayo inakandamiza. Kilichokuwa sawa kinakuwa kigumu. Lazima upime upya, na ikibidi ufungue uanze tena.

Nilianza tena mara tatu. Mgongo unauma, jasho linaingia machoni, dogo amesimama juu yangu: "Fundi, si ilikuwa tayari ile ya kwanza?" Haikuwa tayari. Ile ya kwanza ilisita kidogo ikielekea kushoto. Mtu asiyeshika nati asingeisikia, ila mama atakayepakiwa na mtoto mgongoni angeisikia siku pikipiki itakapokataa kukata kona.

Mara ya tatu nikaugusa, ukaanguka wenyewe kulia. Nikaurudisha, ukaanguka kushoto. Nikavuta shokapu, kimya. Nikaijaribu mpaka kwenye tuta na kurudi.

Nilitaka 15,000, akanipa 10,000. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu niupime tena, koni mpya zikishajikalia. Akaitikia huku ameshaweka gia.

Jioni ilikuwa pancha na plagi. Giza lilipoingia nikafunga sanduku, nikapanda boda ya kwanza niliyoiona. Kila akifunga breki nasikia kitu mbele. Nyumbani nikashuka, nikamwambia dereva ashike breki ya mbele aisukumesukume, nikaweka kidole pale shingo ya fremu inapokutana na usukani, kijana wangu akimulika kwa simu.

Tok.

"Kesho saa moja, kwenye mkungu, karibu na pampu ya maji," nikamwambia.

"Si inatembea, fundi?"

"Njoo tu. Kupima sikutozi."