Kompyuta ya baba mkubwa iliyokuwa ikijizima mchana

Mwaka 2010 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nakaa Moshi, Pasua, kwa baba mkubwa, nikisubiri matokeo. Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa fizikia mstaafu, na kilichokuwa kinamwingizia chochote ni kuchapa mitihani ya majaribio ya shule za sekondari. Kompyuta yake ya mezani, Pentium 4 ya mtumba, ilikaa sebuleni ndani ya kabati la ukutani, na mama mkubwa alikuwa ameipamba kwa vitambaa vyake vya kufuma: kimoja juu ya boksi, kingine juu ya skrini.

Mwanzoni mwa Machi, masika bado na Moshi inawaka jua, ikaanza kujizima. Unachapa swali, mshale unakuwa mzito, herufi zinachelewa kutokea, mara skrini imekuwa nyeusi. Ukiiwasha papo hapo, inadumu muda mfupi kuliko mwanzo. Asubuhi ilijitahidi, ikifika saa nane mchana, hakuna kazi tena.

Fundi wa mjini alisema ni virusi. Akapiga Windows XP upya, akalipwa, na jioni ile kompyuta ikazima vilevile. Hili lilinikera sana, na hata leo linanikera: kila ugonjwa dawa ni kupiga Windows, na mwenye mashine anapoteza hela pamoja na mafaili yake. Baba mkubwa yeye hakupandisha sauti. Alivuta kiti akaniambia, "Mwanangu, tusifungue kitu kwanza. Tuanze kuondoa visivyohusika, kimoja kimoja."

Umeme uliondoka mapema kwenye orodha ya washukiwa. Redio ilikuwa soketi ileile, na kompyuta ilipozima, redio iliendelea kuimba. Zikabaki Windows na vyuma vyenyewe. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya: aliiwasha, akabonyeza Delete tukaingia kwenye BIOS, programu ndogo ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows, akatafuta ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na kasi ya feni, kisha akaiacha hapo. Windows haijaamka, hakuna programu, hakuna virusi cha kusingizia. Tukakaa tunaangalia namba. Nyuzi 71 za Selsiasi. 76. 83. Ikapita 90, na muda si mrefu ikazima mbele ya macho yetu.

"Umeona," akasema. "Inajiokoa."

Na ndivyo ilivyo. Prosesa za aina ile zinapozidiwa na joto hupunguza kasi kwanza, ndiyo maana mshale ulikuwa mzito. Joto likizidi kupanda, mashine hukatwa umeme ili prosesa isiungue. Pentium 4 za kuanzia mwaka 2004, zile za kizazi cha Prescott, zilijulikana kwa kuchemka. Yetu ilikuwa ya kundi hilo, zenye kiwango cha wati 84 kwa zile za kawaida na 115 kwa zile za kasi kubwa, na joto lote hilo linatoka kwenye kipande unachoweza kukifunika kwa vidole viwili.

Kilichotutatiza ni feni. BIOS ilionyesha inazunguka kwa kasi, na tuliisikia ikinguruma. Feni ingekuwa imekufa, jibu lingekuwa jepesi. Inazunguka, lakini joto haliondoki: aidha hewa haipiti, au joto halifiki kwenye chuma cha kupozea kinachokaa juu ya prosesa.

Yalikuwa yote mawili. Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa boksi. Kati ya feni na mapezi ya alumini kulikuwa na tabaka la vumbi lenye rangi ya barabara yetu, limeshikana na nyuzinyuzi hadi ukilivuta linatoka vipande vizima kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa brashi mpya ya rangi, kisha nikapuliza kwa pampu ya baiskeli huku baba mkubwa ameizuia feni kwa kidole isizungushwe na upepo. Vumbi lililobaki lilijaa sebule nzima. Mama mkubwa akatutoa barazani sisi na boksi letu.

Barazani, kwenye mwanga, ndipo tulipoona miguu. Chuma kile cha kupozea hushikwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta na miguu minne ya plastiki, na mmoja haukuwa umeingia hadi mwisho. Ukikibonyeza upande ule kinacheza. Tulipokinyanyua, pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto uliokuwa kati yake na prosesa, ilikuwa imekauka, inapukutika ukiigusa kwa ukucha. Baba mkubwa akanieleza pale pale: chuma na chuma havigusani kote hata vikionekana laini, katikati hubaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Pesti huziba nafasi hizo.

Nilipanda daladala hadi karibu na Mnara wa Saa, nikapata kibomba cha pesti kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Tukafuta ile ya zamani kwa pamba na spiriti, tukaweka tone dogo katikati, tukabonyeza miguu miwili inayotazamana kwa mshazari kwanza, kisha miwili iliyobaki, tukisikiliza kila mmoja ulie "ta". Tukarudi BIOS. Namba zilipanda hadi 54 zikatulia hapo, na jua lilikuwa bado kali.

Kilichobaki kilikuwa mazungumzo na mama mkubwa. Boksi lilitoka kabatini likakaa juu ya stuli, mgongo mbali na ukuta. Kitambaa cha boksi alikubali kukitoa. Cha skrini alikitetea, mpaka baba mkubwa alipomshika mkono akauweka juu ya matundu ya ile skrini ya kizamani ili asikie joto linavyotoka. Akakiondoa mwenyewe, akakihamishia kwenye redio.

Mtihani wa fizikia wa kidato cha nne tuliumaliza kuchapa wiki hiyo. Kisha baba mkubwa akaandika kwa kalamu ya maka tarehe ya usafi ubavuni mwa boksi, akaacha nafasi chini yake kwa ajili ya tarehe za likizo zinazofuata.