Pumzi Kabla ya Haleluya

Jumapili usiku, Kangemi. Stima zimepotea tangu magharibi. Naandika kwa simu kabla chaji haijaisha.

Mama yuko kwangu wiki ya pili sasa. Jioni nilikuwa nakatakata sukuma huku nikisikiliza Hallelujah, ile ya Jeff Buckley ya 1994. Leonard Cohen aliyeutunga wimbo huo aliutoa 1984, lakini mimi nampenda Buckley kwa sababu anaanza na pumzi. Kabla gitaa halijalia, unamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nimeusikiliza tangu kidato cha tatu na bado pumzi hiyo hunishika kifuani.

Kiitikio kilipofika, Mama akaitikia kutoka kitini. Haleluya ni haleluya. Kisha akauliza, “Huyu anamwimbia Mungu au mwanamke?”

Nikamfasiria nilivyoweza: Daudi anayempendeza Bwana kwa muziki, mwanamke anayeoga juu ya dari kwenye mbalamwezi, nywele zinazokatwa kama za Samsoni, na haleluya inayotolewa midomoni mwa mwanamume na mwanamke huyo huyo. Hapo nilisita. Niliwahi kuupendekeza kwa kwaya, kwa ajili ya harusi, nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba naleta tamaa madhabahuni. Iliniuma, na inaniuma bado. Kisa cha dari kimo katika 2 Samweli 11. Tunakisoma kwa sauti kanisani.

Tamaa ikitajwa kanisani haina wakili. Lakini tuna shauku pia, na Zaburi ya 42 inaitamka bila haya: “Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu.” Ayala, mnyama kama paa, ana kiu ya mwili, ya koo lililokauka. Mtunzi hakutafuta mfano ulio safi kuliko huo. Na hiyo -ku- katika “inakuonea”, ukiiondoa “Ee Mungu”, ungeweza kumwandikia mpenzi.

Mama alinyamaza kitambo, akichambua mchele kwa mwanga wa mshumaa.

“Baba yako alipotutoka,” akasema, “nilikuwa naamka usiku nalia, ‘Usiniache, njoo.’ Sikujua namwita yeye au namwita Mungu. Maneno yalikuwa yale yale.”

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono, ukiwa na vumbi la mchele.

“Irudishe mwanzo,” akasema. “Pale anapopumua.”