“Fundi, jaza gesi!”

Mimi ni fundi wa viyoyozi, na nikiitwa kwenye ukumbi wowote mkubwa hapa Mtwara, salamu ni hiyo. Watu wanasinzia, vichwa vinawauma, basi gesi imeisha. Juzi nimeitwa jengo moja la ofisi huku Shangani, chumba cha mafunzo kimejaa watu. Gesi ilikuwa sawasawa na ubaridi upo. Nikatoa kipimo cha hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua: sehemu 2,300 kwa milioni. Nje, chini ya mwembe, 430.

Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya hata chembe. Lile bomba linalotoka nje limebeba gesi ya kupozea tu. Inachukua joto la ndani na kwenda kulitupa nje. Hewa ya chumbani ni ileile, inavutwa, inapozwa, inarudishwa. Mkifungiana humo tangu asubuhi, mnavutiana pumzi. Tabibu mmoja Mjerumani, Max von Pettenkofer, alishaliona hili mwaka 1858, akashauri hewa ukaa ya ndani isipite sehemu 1,000 kwa milioni. Ikipanda, ujue hewa imechakaa. Na kifua kikuu husafiri kwa pumzi hizohizo.

Inaniuma zaidi kwa kuwa sisi upepo tunao. Kusi inavuma miezi na miezi, halafu tunajenga ofisi za vioo visivyofunguka!

Mama msimamizi wa jengo akanijia juu: “Kaka, bili ya umeme nalipa mimi, wewe unaniambia nifungue madirisha?”

Hoja yake ina uzito. Ukifungua wakati kiyoyozi kinafanya kazi, hasa masika, unakaribisha unyevu. Kuta zinatoka jasho na ukungu mweusi unaota nyuma ya makabati. Nikamwambia, “Mama, zima wakati wa chai, fungua pande zote mbili upepo upite. Muda mwingine tutumie feni ya kutolea hewa, umeme wake ni mdogo sana kuliko wa kompresa ya kiyoyozi.” Machujio nikayaosha palepale; yalikuwa yameziba kwa vumbi.

Feni amekubali. Ila nilipozunguka uani nikakuta jenereta imefungwa chini kabisa ya dirisha ambalo lingeingiza hewa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haionekani, hainuki, na inaua. Nimemwambia jenereta ihame kwanza, ndipo nitoboe ukuta nifunge feni.