Siku moja maishani mwangu: asubuhi barafuni, jioni kwenye masufuria

Saa kumi na moja alfajiri. Naizima simu kabla haijamwamsha mwenzangu wa chumbani. Zamu yangu ya jikoni inaanza saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nina saa kumi na mbili za kwangu. Naishi Chamonix, Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc, naosha vyombo mgahawani. Kwetu ni Marangu. Kabla ya kuja huku nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro misimu minne. Wakiniuliza theluji nilijifunzia wapi, huwa nawajibu kwamba nimezaliwa nikiiona, ila kwa mbali, kama mtu anavyoiona nyumba ya tajiri.

Chai ya rangi, mkate, mayai mawili. Nasoma taarifa ya maporomoko ya theluji iliyotolewa jana jioni na Météo-France, idara ya hali ya hewa ya huku: hatari daraja la 2 kati ya 5, huko juu kulikuwa na upepo mkali. Hilo la upepo nalipita haraka, na sikupaswa kulipita.

Saa moja na nusu. Niko kwenye foleni ya gari la kebo, ubao wa kutelezea kwenye theluji mgongoni, ujumbe unaingia: rafiki yangu ameamka na homa, haji. Hapo mtu mwenye akili anarudi kulala. Kwenye mto wa barafu huendi peke yako, maana ukitumbukia kwenye ufa, wa kukutoa ni mwenzako mwenye kamba. Nimeshawahubiria wengine hivyo hivyo. Lakini tiketi ilikuwa imeshalipiwa, na si ya bei ya daladala, nikajiambia njiani watu watakuwepo tu. Kwenye begi nina koleo, nina fimbo ndefu ya kuchokolea theluji, na kifuani kifaa cha kurusha mawimbi. Vyote hivyo ni vya kumwokoa mwenzako au vya yeye kukutafuta wewe. Ukiwa peke yako ni mzigo tu.

Saa mbili na robo. Kutoka mjini, mita 1,035, hadi kituo cha juu cha Aiguille du Midi, mita 3,777, ni kama dakika ishirini. Horombo, kambi ya Kilimanjaro, iko mita 3,720. Kule tulifika siku ya pili, kilo 20 kichwani, na mgeni akilalamika kwamba supu imepoa. Huku unapanda umesimama, mikono mfukoni. Kichwa hakidanganyiki lakini: nikitoka nje ya kituo kinagonga.

Mlango wa kutokea ni pango lililochongwa kwenye barafu. Mbele yake kuna ukingo mwembamba wa theluji wa kuteremka kwa miguu, na kushoto kwako unauona mji wote chini, paa kwa paa. Nimevaa meno ya chuma viatuni, nashika kamba waliyoifunga kando ya njia, na sitazami kushoto. Mbele yangu kundi la watu watano wamefungwa kamba moja na kiongozi wao. Nikawaonea wivu kidogo.

Saa tatu na nusu. Mwisho wa ukingo najifunga ubao. Vallée Blanche ni kama kilomita 20 za kuteremka juu ya barafu, hakuna anayesawazisha njia wala doria ya kukuokota.

Niseme kitu kuhusu maneno. Mmisionari Rebmann alipoiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1848, aliyemwongoza alikiita kile cheupe "baridi", basi. Sisi tunayo theluji na barafu, na hiyo barafu wengi wetu tuliijua kwenye mfuko wa nailoni, tukiinyonya. Huku inabidi uzijue theluji kwa aina, la sivyo zitakuua, kwa hiyo nimejitungia majina ya jikoni. Ile laini, kavu, inayopeperuka ni sembe. Ile ya mchana wa Aprili ni uji. Na ile iliyopigwa na upepo ikakauka juu huku chini ni laini, hiyo ni ukoko.

Sehemu ya kwanza ilikuwa sembe tupu. Ubao haukutoa sauti. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Saa nne na dakika kama kumi. Kabla ya kufika Séracs du Géant, mahali barafu inapokatikakatika, njia ikawa tambarare na nikaishiwa kasi. Mwenye skii angejisukuma kwa fimbo zake akapita. Wa ubao anakwama. Nikafungua mguu wa nyuma ili nijisukume. Ubao mzima ulikuwa umeusambaza uzito wangu. Mguu mmoja haukuusambaza.

Ulizama hadi kwenye nyonga. Ukoko wa upepo, chini yake hakuna kitu. Nilihisi kiatu kinaning'inia, kinapepea kama nguo kwenye kamba. Vipande vya theluji vilidondoka, na sikuvisikia vikifika. Kisha nikaona nilichopaswa kukiona mapema: mstari uliobonyea kidogo, wa kijivu, kama kitambaa cha meza kilicholegea, ukipita moja kwa moja chini yangu.

Nililala kifudifudi nikautandaza ubao mbele. Sikuomba chochote kirefu, nilisema tu "taratibu, taratibu", kama tulivyokuwa tukiwaambia wageni. Mguu ukatoka. Nikatambaa mita kumi hivi kwa tumbo, mtu mzima, kisha nikakaa nikisubiri lile kundi la kamba, nililokuwa nimelipita, litokee. Kiongozi alinitazama, akatazama shimo, hakusema neno. Alinionyesha kidole tu: nyuma yetu. Nikafuata.

Saa saba mchana. Kwenye Mer de Glace, mto wa barafu wa mwisho wa njia, ni tambarare, nimetembea sana. Mwaka 1988 waliweka gari la kebo la kuwateremsha watu hadi kwenye barafu. Barafu ikaendelea kushuka, wakaongeza ngazi hadi zikazidi 500, na mwaka 2024 wakafungua gari jingine, juu zaidi bondeni. Kwenye mwamba kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilifika wapi. Navipita nikiwaza Kibo, ambako sikuwahi kuona vibao hivyo.

Ndani ya treni ya Montenvers nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Huko kuna baridi?"

"Ipo kidogo."

Saa nne usiku. Paja limevimba na kuwa jeusi. Masufuria ya fondue, jibini la kuyeyushwa, yanarudi, jibini lililoungua limeganda chini, na watu wa Savoie, eneo hili, hulipenda hilo kama sisi tulivyogombania ukoko wa wali. Leo wageni wameliacha. Mpishi ananisogezea sufuria: "Chukua, ni lako." Naligonga kwa mgongo wa kijiko kwanza, hapa na pale, kisha ndiyo nalibandua.